Daftari Kwenye Ndoo ya Vyura

Uvundo ulimpokea Dilruba Khatun, mwalimu wa zoolojia ambaye chuo kizima humwita Dada, akiwa bado ngazini, funguo mkononi, tambuu shavuni. Ilikuwa Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, na Chuo cha Hijoltola kilikuwa bado kimya.

"Kaka Kashem!" aliita. "Umelaza maiti humu?"

Kashem, mhudumu wa maabara ambaye wasichana wote humwita Mjomba, alikuwa amechuchumaa kando ya sinki, ukosi wa shati ameuvuta hadi puani. Mbele yake palikuwa na ile ndoo ya kutupia matumbo ya vyura baada ya kupasuliwa.

"Dada, usisogee. Kuna kitu humu."

"Mimi nimepasua vyura miaka thelathini, unaniambia nisisogee? Toa!"

Kashem akatumbukiza koleo na kutoa daftari. Utumbo ulining'inia kwenye pembe zake, maji ya kijani yakachuruzika sakafuni. Dilruba alilishika kwa ncha za vidole, akalifungua. Mtu alikuwa amelimwagia klorini, na palipokuwa na wino pamebaki madoa ya manjano. Jaladani, chini ya plastiki, jina lilikuwa bado linasomeka: Purnima Hajong, Mwaka wa Pili.

Dilruba alikwenda dirishani akatema tambuu yote. Panya, jicho la ng'ombe, minyoo mirefu ya utumboni, vyote alikuwa amevifungua kwa mikono yake na hajawahi kusikia kichefuchefu. Leo alikisikia. Na hakikutoka kwenye matumbo, maana matumbo ya chura hayajawahi kumdhulumu mtu.

Kesho yake, Jumatano saa nne, ndio ulikuwa mtihani wa vitendo. Kila msichana huweka mbele ya mtahini daftari lake la maabara lililotiwa sahihi na mwalimu. Bila daftari hakuna mtihani. Bila mtihani umefeli mwaka. Na aliyefeli mwaka hafikirii kuingia chuo cha udaktari. Katika kijiji cha kina Purnima, cha kabila dogo la Wahajong, kule chini ya vilima, hajawahi kutoka daktari hata mmoja. Huyu ndiye aliyekuwa anakaribia.

Lililomchoma Dilruba zaidi ni kwamba nakala hakuna, na kosa ni lake. Walimu wengine huruhusu daftari la rafu, kisha msichana anahamisha kwa mwandiko wa kadi za harusi. Dilruba alilipiga marufuku. "Andika papo hapo mezani," huwaambia kila mwaka, "kwa kalamu ya wino, na tarehe juu. Andika ulichokiona, siyo ulichosoma kitabuni. Ukikosea usifute! Kata mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, uandike lililo sahihi pembeni. Anayefuta ana la kuficha." Purnima peke yake ndiye aliyeyashika yote haya. Wengine walitikisa vichwa wakaenda kununua kifutio.

"Loo! Nani amefanya ushenzi huu?"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Rafsan Chowdhury, mhadhiri kijana wa zoolojia, leso nyeupe puani. Amekulia Doha na kusomea shule za Kiingereza, huu ni mwaka wake wa pili Hijoltola, na hakuna aliyemchukia. Jana tu walikuwa wamemcheka hadi machozi. Mkuu wa chuo aliita kikao chumba cha nne, namba imeandikwa kwa Kibangla kwenye ubao wa matangazo, kubwa kama sinia. Rafsan akaenda kukaa peke yake chumba cha nane nusu saa nzima, akingojea wenzake. Alipofika, Mkuu alikuwa ameshatoa habari yenyewe: mtahini amebadilishwa, sasa anakuja Profesa Nirmal Sarkar kutoka Mymensingh. Ilibidi Rafsan aelezwe upya.

"Ni wivu wa wasichana, Dada," Rafsan alisema. "Naujua. Ulizia yule Lopa."

"Nitaulizia wote, mdogo wangu," alijibu Dilruba.

Alibaki peke yake na daftari, akalifunua ukurasa kwa ukurasa kwa kibanio. Katikati akasimama. Kurasa kadhaa hazikuwapo. Hazikuchanwa, zilikatwa kwa wembe, karibu na uzi, kwa mkono uliotulia. Mwenye wivu angelitosa zima zima akaenda zake akicheka. Huyu alikata kwanza, ndipo akatosa.

Purnima alipofika na kuonyeshwa, hakulia. Alilitazama tu, mikono ameificha ndani ya shali.

"Zilikuwa kurasa gani hizi, mama?"

"Za bwawa, Dada. Kila Ijumaa alfajiri nilikuwa nikihesabu vyura wa bwawa la nyuma ya chuo. Ijumaa kumi na mbili."

"Nani amewahi kulishika?"

"Lopa aliliazima, kuangalia michoro. Na Mwalimu Rafsan, likizo ya Idi. Alisema anataka kuona kazi nzuri inafananaje." Kisha kwa sauti ndogo, "Dada, kesho nitaweka nini mezani?"

Kumdanganya mtoto Dilruba hakutaka. Alilitia daftari kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga.

Alianza na Kashem.

"Jana ulifunga saa ngapi?"

"Saa kumi, Dada. Wallahi. Ufunguo nikautundika kwenye msumari wake, kama siku zote."

"Msumari ambao hata mbuzi wa jirani anaujua. Na ndoo kwa nini haikumwagwa?"

"Mkuu alinituma sokoni, nikamnunulie mtahini samaki. Nilirudi Magharibi, nikaswali, nikaenda kulala. Muulize imamu."

Alisema kweli, imamu na muuza samaki walithibitisha. Lakini wakati akijitetea alikuwa amekaa juu ya sanduku, na hakutaka kuinuka.

"Inuka, kaka."

"Mgongo, Dada, unajua huu mgongo wangu..."

"Inuka!"

Ndani ya sanduku mlikuwa na madaftari ya maabara ya miaka iliyopita, majina yamekwanguliwa, tayari kwa kuuzwa. Juu ya moja paliandikwa kwa penseli: *sahihi imo*. Sahihi yenyewe ilikuwa ya Dilruba.

"Unauza jina langu?"

"Dada, kila chuo..."

"Usinimalizie! Kila chuo, kila chuo! Kila choo ndivyo useme!" Alilifunga lile sanduku kwa teke. Kashem alikuwa mchafu, lakini uchafu wake ni wa biashara. Haukuwa na haja ya kukata kurasa za mtu kwa wembe. Dilruba akaapa kushughulika naye baadaye, akaenda kumwita Lopa.

Farzana Lopa alikuja saa sita, binti wa mwanasiasa, marashi yamemtangulia. Kwapani alikuwa na daftari lenye michoro ya rangi ambayo hata kitabu kingeionea haya.

"Nani alikuchorea?"

"Mimi, Dada."

"Huyu chura ni wa lini?"

"Yule wa Februari. Ulikuwepo, ulisimama pale pale."

"Nilikuwepo. Chura wako alikuwa jike, mayai yamemjaa mpaka yakakumwagikia kwenye viatu, ukapiga kelele chuo kizima kikasikia. Huyu hapa ni dume, mama. Amebadilika jinsia kabla au baada ya kufa?"

Lopa akawa mwekundu. Hapo ndipo yakaanza kutoka. Mwalimu wa tuisheni ndiye aliyeandika, kwa mkataba, na jana Lopa mwenyewe alikuja kulichomeka pale maabara, katikati ya yale yaliyokwisha kutiwa sahihi.

"Ulikuja saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Lakini sikuingia, Dada, naapa! Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo ndani. Nilisikia maji yanamwagika, na klorini inanipiga puani. Nikadhani Mjomba anasafisha, nikakimbia."

"Na la Purnima hukuligusa?"

"Niliguse la nini?" Lopa alifuta pua. "Mimi yule simpendi, sikufichi. Anajifanya mtakatifu. Lakini nilikuwa nakopi michoro yake! Nitachomaje jiko ninalopikia?"

Jibu hilo lilimtosha Dilruba. Saa kumi na moja Kashem alikuwa sokoni akichagua samaki. Basi mle ndani alikuwa mtu mwingine, mtu mwenye sababu ya kujifungia.

Alasiri akapanda kwa Mkuu wa chuo, Bwana Talukdar, mtu mzito asiyependa habari nzito. Mkuu alisikiliza huku akila bisi za mchele kwenye bakuli.

"Dilruba, unafanya kichuguu kuwa mlima. Mtoto ana usiku mzima. Apewe daftari jipya, aandike upya, aweke tarehe za zamani. Wewe tia sahihi, yaishe."

"Aandike Ijumaa za Januari leo?"

"Kwani Ijumaa zina alama?"

"Vyura atawahesabu wapi? Kwenye bakuli lako?"

Mkuu akasukuma bakuli kando. "Nisikilize. Mtahini ni Nirmal Sarkar. Yule yule aliyekuwa mwenyekiti wa majaji wa maonyesho ya utafiti kule Dhaka, aliyeipitisha kazi ya Rafsan! Angalia ukuta huu. Bango la mwalimu wangu! Kesho nataka alione hilo, asione ndoo ya matumbo."

Dilruba akageuka. Bango lilikuwa zuri, limechapwa kwa Kiingereza, lenye picha ya Rafsan amekunja mikono. *Vyura wa Bwawa la Hijoltola: Ijumaa Kumi na Mbili.* Akasogea karibu. Hesabu ya vyura ilipangwa kwa safu moja:

18, 9, 8, 11, 28, 7, 8, 15, 18, 20, 8, 12. Jumla: 138.

Dilruba ana tabia ya kujumlisha kila anachokiona, hata bei za mabango ya sinema. Akajumlisha hii. Akapata mia na sitini na mbili. Akarudia kutoka chini kwenda juu. Mia na sitini na mbili. Akasimama mbele ya zile namba, midomo ikichezacheza, akizipekua moja moja kama mtu anayechambua mchele. Kisha akacheka, kicheko kikavu ambacho Mkuu hakukipenda.

"Nini tena?"

"Hakuna, Mkuu. Bango liache hapo hapo. Kesho mtahini alione."

Jioni akamfuata Purnima bwenini. Msichana alikuwa ameketi sakafuni, daftari jipya mbele yake, kalamu imefunikwa. Wenzake walikuwa wamemnunulia.

"Umeandika?"

"Hapana. Nimekaa tangu adhuhuri. Dada, kama nikiandika tarehe ya uongo moja tu, zile nyingine za kweli zitakuwa na maana gani?"

"Lala, mwanangu. Kesho uje ofisini kwa Mkuu saa tatu, na kalamu yako."

Saa tatu asubuhi Profesa Nirmal Sarkar alikuwa ameshapewa chai ya maziwa na rasgulla mbili, tamutamu za maziwa zilizolowa sukari. Alikuwa mzee mwembamba, mkimya. Rafsan ameketi karibu naye, suti imepigwa pasi, leso mfukoni. Dilruba aliingia na Purnima, Lopa na Kashem nyuma yao. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na harufu yake iliingia kabla ya salamu.

"Dilruba!" Mkuu aliguna. "Siyo sasa."

"Dakika moja tu, Mkuu. Nimesahau miwani. Rafsan, mdogo wangu, hebu nisomee hii orodha ya chumba cha mtihani. Mwandiko wa Purnima."

Rafsan alichukua kikaratasi akasoma haraka, kama mtu anayetaka balaa lipite. "Wasichana ishirini na nane, meza kumi na nane."

"Ishirini na nane wametoka wapi?" Mkuu alishtuka. "Nina ishirini na nne! Leta!" Akakitazama, akaangua kicheko. "Lo, huyu kijana! Ishirini na nne, meza kumi na nne. Juzi chumba cha nane, leo wasichana wa nane! Doha imetuharibia mtu."

Hata profesa alitabasamu. Dilruba hakutabasamu.

"Profesa," alisema, "nne yetu ya Kibangla ni maduara mawili, moja juu ya jingine. Sawasawa na nane ya Kiingereza. Nane yetu yenyewe haina duara hata moja, lakini huyu ndugu zote mbili huzisoma nane. Nakuomba utazame bango lililo nyuma yako. Nionyeshe nne moja. Moja tu."

Profesa aliweka kikombe, akainuka, akaipitia safu kwa kidole. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. "Hakuna," alisema.

"Ijumaa kumi na mbili, na hakuna nne. Sasa jumlisha."

Midomo ya mzee ilisogea. "Mia na sitini na mbili. Hapa pameandikwa mia na thelathini na nane."

"Zimezidi ishirini na nne. Humo mna nane sita. Zirudishe ziwe nne, kila moja ipunguze nne."

"Inatimia," profesa alisema polepole. "Inatimia kabisa. Jumla ni sahihi, namba ndizo zilizoharibika."

"Kwa sababu jumla aliifanya aliyehesabu vyura. Mwizi hata kujumlisha hakujumlisha! Aliinakili kama alivyonakili mengine." Dilruba alimgeukia msichana. "Purnima, siku uliyopata vyura wengi zaidi walikuwa wangapi?"

"Ishirini na nne, Dada. Ijumaa ya tano. Usiku wake ilinyesha mvua ya mawe."

"Wewe, Rafsan? Ijumaa ya tano ilikuwaje? Au ulikuwa Dhaka kwa mama yako, kama kila Ijumaa ya mapumziko?"

Rafsan alikuwa amejikunja kwenye kiti. "Haya ni makosa ya uchapaji. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa uchapaji."

"Mchapaji ndiye aliyeliazima daftari la mtoto wakati wa Idi? Juzi uliposikia kwamba mtahini ni yule yule aliyekupitishia bango, ulijua atalifunua daftari la Purnima na kuona bwawa lile lile, kwa mwandiko wa Ijumaa kumi na mbili. Saa kumi na moja ulijifungia maabara. Lopa alisikia maji na kunusa klorini. Ukakata kurasa kwa wembe, mkono umetulia, maana kupasua umesomea. Kisha ukalitosa lililobaki kwenye matumbo, ili tuseme ni wivu wa wasichana. Na asubuhi wewe mwenyewe ukawa wa kwanza kulitamka hilo."

Rafsan alimtazama Mkuu, Mkuu akatazama rasgulla. Hapo uso wa kijana ukabadilika, upole ukamtoka wote.

"Vyura tu!" alisema. "Mnanivua nguo kwa ajili ya vyura! Mimi nina nafasi ya kwenda kusoma nje inayongojea kazi moja iliyopitishwa. Yeye angefanyia nini zile namba? Msichana wa Kihajong kutoka vilimani, nani angemsikiliza? Mimi nilizipeleka mahali!"

Purnima alishtuka kama aliyemwagiwa maji baridi. Lopa, ambaye hampendi, alimshika mkono. Dilruba alifungua ule mfuko wa plastiki na kuuweka mezani mbele ya Rafsan, kando ya suti yake.

"Nusa," alisema. "Hapana, usitoe leso. Nusa! Huu uvundo ni wako. Mimi nimeshika kila kilichooza katika kazi hii, na hakuna kilichonitia kinyaa kama wewe. Mtu mzima, msomi, unamwibia mtoto alfajiri zake, kisha unamwambia nani angemsikiliza! Siku za mwizi ni arobaini, Rafsan. Wewe uliisoma themanini."

Kashem kule mlangoni aliangua kicheko, akakumbuka sanduku lake, akakimeza.

Profesa Nirmal alilivuta daftari karibu yake, hakufunika pua. Alifunua kurasa chache zilizoliwa na klorini, hadi alipoona kwenye kona moja mstari mwembamba uliokata neno, na neno jingine pembeni.

"Msichana atafanya mtihani," alisema. "Daftari lake ni hili, kama lilivyo. Na kurasa zilizokatwa tumezipata." Akaonyesha ukutani. "Dhaka nitawaandikia mwenyewe leo. Mkuu, hili la kijana ni lako, nami nitangoja kusikia umefanya nini."

Mkuu alikuwa ameshasimama, anahangaika na gundi ya bango. "Tulitoe, tulitoe! Au tulipake wino mweusi jina hilo, aibu hii wageni wasiione."

"Usiguse!" Dilruba alimzuia. "Purnima, kalamu yako unayo?"

Msichana akasogea ukutani. Akakata nane sita, mstari mmoja mmoja, na pembeni ya kila moja akaandika nne, ile yetu yenye maduara mawili. Alipofika kwenye jina akasita, akamwangalia mwalimu wake.

"Na hili nilifute, Dada?"

"Nimekufundisha nini?"

Purnima alikata jina la Rafsan Chowdhury kwa mstari mmoja, likabaki linasomeka vizuri. Pembeni akaandika la kwake. Kisha akaweka tarehe ya siku ile.